Siku tano Palermo peke yangu, sitaki kukimbizana, nianzie wapi?

MtotoWaNgamiani

Wakuu habari zenu. Mi mtu wa Tanga, nasoma Leipzig mwaka wa pili sasa, mwezi wa kumi nina siku tano za kupumzika na nimeshakata tiketi kwenda Palermo kule Sisilia, peke yangu. Wenzangu darasani wote wananiambia nimekosea, eti siku tano ningepiga Roma, Florence na Venice zote kwa treni, lakini mi nimechoka jamani, nataka mji mmoja tu, niamke saa nitakayo, nitembee kwa miguu, nikae mahali nitazame watu, nisipoviona vyote basi. Sasa mtu mmoja siku tano pale haboeki? Kukaa mezani kula peke yangu sijazoea kabisa, kwetu chakula ni sinia. Na mi Muislamu, naomba mwenye kujua aniambie ukweli kuhusu vyakula vya mtaani. Halafu mtu mweusi akizurura tu na kukaakaa pale wanamchukuliaje?

Kizingo_Hadi_Ulaya

Mdogo wangu usiwasikilize, umechagua vizuri. Mi mtu wa Mombasa, niko kaskazini mwa Italia mwaka wa saba huu, Palermo nimeenda mara tatu na zote peke yangu.

Cha kwanza jua mji ule mchana unalala. Kuanzia saa saba mpaka kama saa kumi maduka mengi madogo na makanisa mengi yamefungwa, mara yangu ya kwanza sikujua, nikawa nazunguka juani na simu mkononi kila mlango nakuta kufuli, nikakasirika kweli. Kesho yake na mi nikalala, tangu hapo nikauelewa mji. Asubuhi sokoni, mchana kivulini, jioni barabarani.

Soko ni Ballarò. Ukipenda usinunue kitu, nenda ukasikilize. Wauza samaki na mboga wanaita wateja kwa sauti ya kuimba, wenyewe huita abbanniata, na huyu akimaliza yule anadaka, yani ukifumba macho ni kama uko Marikiti asubuhi. Ukifumbua unaona kichwa cha nduaro kimesimamishwa juu ya barafu upanga wake unaelekea angani. Mchana nenda Piazza Marina, kuna bustani ina mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, mizizi inashuka kutoka matawini mpaka ardhini inakuwa nguzo, nimeshakaa hapo masaa mawili na kitabu. Jioni ikifika shuka Via Maqueda pale magari hayapiti, utakuta watu wamevaa vizuri wanatembea tu, mabibi wameshikana mikono, watoto na aiskrimu, hawana wanapokwenda, wanafika Teatro Massimo, jumba la opera, wanageuza. Ingia na wewe utembee nao.

Kula peke yako anza na vya kusimama. Kahawa wanainywa kaunta wima, dakika mbili umemaliza, ukikaa mezani mara nyingi bei inapanda. Halafu tafuta panelle, hizo ni bajia za dengu kabisa ila wamezikata bapa, unakamuliwa limau unatiwa kwenye mkate wa ufuta. Pembeni yake kuna crocchè za viazi, mi naziita kachori. Na kanoli usikose, ganda linavunjika mdomoni ndani jibini laini tamu.

JikoLaMtoni

Dada ameeleza vizuri mno ila hapo kwenye kanoli kaka simama kwanza. Lile ganda kwa asili linatengenezwa na mafuta ya nguruwe pamoja na mvinyo wa Marsala. Wako wanaotumia siagi, kwaiyo uliza kabla, sema "c'è strutto?", hilo ndo jina la hayo mafuta. Arancina, yale madonge ya wali ya kukaanga, ya siagi ndani ina ham, yani paja la nguruwe, ya nyama mara nyingi wanachanganya ng'ombe na nguruwe, tafuta ya spinachi. Ule mkate wa bandama wanaousifia, bandama ni ya ng'ombe ndio lakini inakaangwa kwenye mafuta ya nguruwe, hapo mi huwa napita. Panelle ni unga wa dengu, maji, chumvi na kotimiri, wewe ulizia tu mafuta ya karai na kama kuna kingine kinakaangwa humo.

Usiogope lakini, ule ni mji wa samaki. Kuna pasta ya dagaa inawekwa zabibu kavu, shamari ya mwituni na zafarani, mtu wa pwani akionja anajua hapa Waarabu walipita. Na granita, ile barafu ya limau au lozi, watu wanakula asubuhi kama staftahi.

Mzee_wa_Ramani

Kijana hongera. Naongezea kwa sababu kuna vitu pale vinatuhusu na watu wanavipita.

Waislamu walitawala Palermo kuanzia 831 hadi 1072, Wanormani, Wakristo waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, walipouteka wakabaki na mafundi na wataalamu wao. Nenda Cappella Palatina ndani ya kasri, uinue kichwa, ile dari ya mbao ni kazi ya mafundi Waislamu ndani ya kanisa la mfalme Mkristo, na ina maandishi ya Kiarabu. Kisha kanisa kuu la mji, mlango wa kusini, nguzo ya kushoto imechongwa aya ya Qur'an, Al-Aaraf ya 54. Watu wanapiga picha mlango wanaondoka.

Katika mji huohuo Al-Idrisi, mtaalamu Muislamu wa ramani, alimwandikia mfalme Roger wa Pili wa Sisilia kitabu chake cha jiografia, akakimaliza 1154, na humo kataja miji ya kwetu, Malindi na Mombasa. Mi nilipokaa kwenye benchi mbele ya lile kasri nikawaza kuwa hapa kuna mtu alikaa akahoji wasafiri mpaka habari za pwani yetu zikaandikwa, nusu saa nzima sikuinuka.

Kuhusu swali lako la mwisho. Mmoja wa watakatifu wasimamizi wa Palermo ni mtu mweusi, Benedetto, wazazi wake walikuwa watumwa kutoka Afrika, akawa mpishi wa watawa, akafa 1589, na mji ukamfanya msimamizi wake 1652. Leo Ballarò utakutana na Wagambia, Waghana, Wanigeria, Wabangladeshi, hutokuwa wa ajabu. Ila pasi na kibali chako cha Ujerumani tembea navyo, mi niliwahi kuulizwa, nikaonyesha, yakaisha.

MtotoWaNgamiani

Wakuu nimerudi jana, nilisema nitaleta mrejesho.

Sikuboeka hata saa moja. Siku ya kwanza nilikuwa bado na haraka ya Leipzig, natembea mbio mbio napita watu, siku ya pili mchana nikalala kama dada alivosema nikaamka saa kumi na moja nikatoka, mwanga wote ni wa dhahabu, nikajikuta nakwenda polepole bila kujilazimisha. Panelle nimekula kila siku. Ile ya kwanza nilipouma nikamkumbuka bibi na karai lake pale Ngamiani, machozi yalinilenga pale barabarani sioni haya kusema.

Nguzo nimeiona mzee. Niliisoma aya taratibu, herufi nyingine zimelika, nikampigia baba video nikamwonyesha, naye akaisoma upande wa Tanga, tukanyamaza wote wawili.

Kula mezani nilijaribu siku ya nne usiku, nikaagiza nduaro, mikono nilikuwa sijui niiweke wapi. Meza ya pili kulikuwa na mzee naye peke yake, hatuna lugha ya pamoja, akanisogezea kibakuli chake cha zeituni akaendelea kula. Basi nami nikala.

Monreale, ule mji wa jirani, sikwenda na sijutii, nimeiacha ya mara ijayo. Kwa atakayefuata, tiketi za basi nunueni mapema kwenye maduka ya tabacchi, yani ya tumbaku, na mkipanda mzigonge muhuri kwenye mashine, Jumapili jioni nilizunguka sana kutafuta duka lililo wazi nikaishia kwenda kwa miguu mpaka stesheni.