Bundi ametua paani usiku wa tatu mfululizo. Tumfukuze, au kuna la kuzingatia?

Mwambao_Tg:
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Tupo Muheza, nyumba ya bati. Leo usiku wa tatu bundi anatua juu ya paa upande wa stoo ya mahindi, dakika chache baada ya magharibi. Kifua cheupe, uso kama umbo la moyo, na mlio wake si ule wa "huu huu", ni ukelele wa kukwaruza. Ndani kuna mzee anaumwa. Jirani keshasema huo ni uchuro, vijana wameshika manati. Sitaki kumvunjia mzee moyo, wala sitaki kuingia kwenye kuagua. Kiimani nimchukulieje ndege huyu, na kivitendo nifanye nini?

Barazani:
Mkuu, anza na lugha yetu yenyewe. Tukisema "ndege mwema" tunamsema kiumbe. Tukisema "ndege njema" tunasema fali, ishara ya heri. Neno moja, upatanisho tofauti. Waarabu nao ni vivyo hivyo: *tiyara*, yaani kupiga ramli kwa ndege, imetokana na *tayr*, ndege. Zama za ujahiliya mtu akitaka kusafiri alimshtua ndege: akiruka kulia anakwenda, akiruka kushoto anarudi nyumbani.

Mtume (s.a.w.) alilikata hilo waziwazi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim alikanusha *tiyara* na akakanusha *hama*. Hama ndiye bundi huyuhuyu wako: walidai roho ya aliyeuawa hugeuka ndege analia usiku akitaka kulipiziwa kisasi. Kwa hiyo jirani hajaleta jambo jipya, lilishajibiwa zamani.

Hofu ikikuingia hata hivyo, maana moyo hauna mlango, usiifanyie kazi. Usiahirishe safari, usimhamishe mgonjwa chumba. Soma dua iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud: *Allahumma la ya'ti bil-hasanati illa Anta, wala yadfa'us-sayyi'ati illa Anta, wala hawla wala quwwata illa bika.* Yaani, ee Mwenyezi Mungu, mema haleti ila Wewe, na mabaya haondoi ila Wewe.

Kuzingatia ni jambo jingine kabisa, na hilo tumeamrishwa. Suratul Mulk aya ya 19 inatuuliza kama hatuwaoni ndege juu yetu wakikunjua mbawa na kuzikunja. Swali la mwenye kuagua ni "ananiletea nini?" Swali la mwenye kuzingatia ni "ni nani aliyemuumba hivi?"

Darubini:
Kwa maelezo yako huyo ni *Tyto alba*, bundi wa maghalani. Amefuata stoo. Penye mahindi pana panya, na penye panya atakuja.

Kesho mchana angalia chini ya pale anapotua. Utakuta matonge meusi, urefu wa kidole gumba. Bundi hana meno, humeza panya mzima, kisha baada ya saa kadhaa hutapika manyoya na mifupa. Vaa glavu na barakoa, loweka tonge moja kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, lichambue kwa kijiti cha meno. Fuvu lenye meno mawili marefu ya mbele ya rangi ya machungwa ni la panya. Hesabu mafuvu. Mwonyeshe na yule jirani.

Kisha sikiliza darini. Ukisikia kama mtu anakoroma, ni makinda yanaomba chakula. Hapo usizibe tundu. Mayai huatamiwa siku 30 hivi, na makinda huchukua takribani wiki tisa kuruka. Wengi huziba mapema, makinda yanafia ndani, dari linanuka, halafu watu wanasema "si tuliwaambia ana mkosi!"

Mwambao_Tg:
Matonge yapo, nimehesabu manne. Tatizo: wiki iliyopita tuliweka sumu ya panya stoo.

Darubini:
Itoe leo hii, mkuu, usingoje kesho. Hizi sumu zinazozuia damu kuganda haziui papo hapo. Panya huzurura siku kadhaa akiyumbayumba, na ndiye rahisi kukamatwa. Bundi akimla naye anavuja damu ndani kwa ndani. Weka mitego ya kubana, kandokando ya ukuta, chambo kikiwa upande wa ukutani. Na manati hapana: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 hairuhusu kuua mnyamapori bila kibali.

Binti_Usambara:
Naongezea kwa upande wa Wakristo. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kuagua. Lakini soma Zaburi 102, sala ya mtu aliyeteseka: mstari wa 6 anajifananisha mwenyewe na bundi wa mahameni. Hasemi bundi kamletea ugonjwa. Anaona mwenzake wa upweke. Msomee mzee zaburi hiyo taratibu, mstari kwa mstari, mshike mkono.

Na ile imani kwamba bundi hulia penye mgonjwa ina sababu yake. Penye mgonjwa watu hukesha. Taa inawaka, wadudu wanaifuata, mijusi na panya nao wanakuja, bundi anawafuata hao. Siku nyingine analia vilevile, ila mmelala.

Barazani:
Ndiyo maana nashauri daftari. Usiku 30, safu mbili: kushoto *nilichoona* (saa, upepo, mwezi, alitua wapi), kulia *nilichohisi*. Usichanganye. Kosa kubwa la watu ni kuandika usiku wa msiba tu na kusahau ile mingine yote aliyolia pasitokee kitu.

Kaa mita 15 hivi, mgongo ukutani, tochi umeifunika plastiki nyekundu. Mtazame anapoondoka: hutasikia kitu. Unyoya wake wa mbele bawani una ukingo kama meno ya kitana, unaochanachana upepo usivume. Masikio yake hayalingani, moja liko juu kidogo kuliko lingine, ndipo anampata panya gizani kwa sauti peke yake. Ukishaliona hilo kwa macho yako, sema *Subhanallah*, kisha rudi ndani ukamgeuze mzee ubavu.

Mwambao_Tg:
Sumu nimeshaifukia. Darini kuna mkoromo, nadhani ni zaidi ya mmoja. Manati nimezichukua.