Shinkolobwe: dawa za kukinga mionzi na uboho, tuwe nazo Lubumbashi?

Mwana Likasi: Bandugu, uranium ya bomu ya Hiroshima 1945 ilitoka sana pale mungodi wa Shinkolobwe, na bakrezeri (bachimbaji wa mikono) banaingiaka mpaka leo kutafuta kobalti. Kwa nini serikali isiweke hapa dawa za kukinga mionzi pamoja na banganga wa kupandikiza uboho (ile ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu)? Vyote viwili si vingeokoa mutu?

Docta wa Katuba: Yaya, dawa kama amifostini unapewa MBELE ya mionzi, si kisha, tena inashusha presha na kutapisha. Uboho unarudisha damu, hauponyi tumbo wala ngozi. Kisha ajali ya nyuklia ya Chernobyl 1986 walipandikiza watu 13, karibu wote wakakufa, wengi walikuwa wameungua vibaya. Wazo la kuunganisha ni dawa ipunguze pigo, alafu uboho ushike damu, sawa, lakini nani anajua siku ya ajali? Na krezeri hapigwi siku moja, anavuta vumbi na gesi ya radoni, ile yenye mionzi inayotoka ku uranium, kidogo kidogo. Tena mungodi ulifungwa 2004, hawa watu wana kichwa nguvu tu.

Mama wa Ruashi: Kichwa nguvu?? Bwana yangu alirudiaka na ile vumbi, nafua nguo yake mu beseni moja na za batoto, maji inakuwa nyeusi tiii. Alienda juu ya kichwa nguvu ama juu unga wa bukari uliisha?

Docta wa Katuba: Mama, sikusema bwana yako.

Papa Kenya: Umesema, tumesoma. Na Chernobyl unaleta nusu. Yugoslavia 1958, wale waliopigwa na mionzi ku kituo cha nyuklia cha Vinča walipelekwa Paris, batano bakapewa uboho, bane bakapona!

Docta wa Katuba: Na kuna wanaosema wangepona hata bila, uboho wao wenyewe uliamka.

Papa Kenya: Unabishia kila kitu, docta wa simu.

Kipushi 7: Papa yangu alisemaka maziwa inatoa sumu yote.

Mama wa Ruashi: Maziwa haitoi mionzi. Tena na feza ya nani?

Mwana Likasi: Naomba turudi ku swali…

Mama wa Ruashi: Jibu hili kwanza: hiyo dawa ikifika, itapewa krezeri ama mutoto wa bosi?

Papa Kenya: Hapo umemaliza.

Docta wa Katuba: Mama, bila kugombana, ile beseni ungali unaitumia?

Mama wa Ruashi: Hapana. Sasa kuku njo zinakunywaka mule.