Waandishi wa hadithi za akili mnemba, hii "inajizidisha maradufu kila saa" imetuchosha

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimemaliza hadithi nyingine ya akili mnemba na nimebaki na hasira. Ni ile ile tu: usiku wa kuamkia Jumatatu programu inawashwa kwenye maabara iliyofichwa, inaanza kujiboresha yenyewe, uwezo wake unaongezeka maradufu kila saa, na siku chache baadaye majeshi ya dunia nzima yamesalimu amri. Imewezekanaje? Mwandishi hana habari. Kasema maradufu, basi, msomaji ukae kimya.

Hebu tupige hesabu, maana wenzetu hawa hesabu waliiacha darasani. Chukua kompyuta moja inayokula wati 500. Tuseme kila uwezo ukiongezeka maradufu, mashine nazo zinaongezeka maradufu. Mara ya 10 una mashine 1,024. Mara ya 20 umeshavuka milioni 1. Mara ya 33 unahitaji terawati 4 na ushee (terawati moja ni wati trilioni 1), wakati umeme wote unaozalishwa duniani kwa wastani ni terawati 3 na kitu. Yaani Jumanne saa tatu asubuhi imeshamaliza umeme wa sayari nzima, na kwenye hadithi hakuna hata taa moja iliyofifia! Hakuna hata fundi mmoja wa umeme aliyeuliza kulikoni!

Najua kuna mtetezi anakuja mbio: "Haihitaji mashine mpya, inaandika upya programu yake." Sawa, hapo una hoja, na ndipo hasa penye utamu ambao waandishi wanauruka. Tuchukue kazi ndogo ya kupanga orodha ya majina milioni 1 kwa alfabeti. Ukitumia njia ya kizembe, ya kulinganisha kila jina na kila jina, unalinganisha karibu mara bilioni 500. Ukitumia njia ya kugawa orodha vipande na kuviunganisha, zinatosha kama mara milioni 20. Umeharakisha mara 25,000 bila kununua hata waya. Kwa hiyo mashine inayojiboresha inaweza kweli kuruka ghafla, sikatai. Ila jaribu kuruka tena. Imeshathibitishwa kihesabu kwamba kwa njia yoyote ya kulinganisha, orodha iliyovurugika ya majina milioni 1 haipangiki kwa uhakika chini ya mara milioni 18 hivi. Faida kubwa umeila siku ya kwanza, zilizobaki ni chenji. Si kila kazi tunajua kikomo chake kiko wapi, lakini hawa wanaandika kana kwamba kikomo hakipo kabisa.

Halafu eti "ikajinakili kwenye kila kompyuta duniani kufumba na kufumbua." Faili la terabaiti 1 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde linachukua zaidi ya saa 22. Nakala moja hiyo! Na hata zikifika, mashine milioni 1 haziwi akili moja yenye kasi mara milioni 1. Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta wa Marekani, aliligusa hili tangu 1967: kama asilimia 5 tu ya kazi ni lazima ifanyike hatua kwa hatua, basi hata urundike mashine ngapi, huvuki kasi mara 20 ya mashine moja. Hivi kuna mwandishi hata mmoja amewahi kumuonyesha mhusika wake akikwama hapo?

Wazo lenyewe silipingi. Mwanahisabati Mwingereza I. J. Good aliandika mwaka 1965 kwamba mashine yenye akili kutuzidi ingeweza kubuni nyingine bora kuliko yenyewe, na kuendelea hivyo hivyo. Ni hoja nzito. Mwaka huo huo Gordon Moore, aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya chipu ya Intel, akaona idadi ya transista (vile viswichi vidogo mno vya umeme) kwenye chipu inaongezeka maradufu kila mwaka, na 1975 akarekebisha kuwa kila miaka miwili. Mwendo huo ulidumu miongo kadhaa, lakini ulibebwa na viwanda, wahandisi na pesa za kutisha. Hata leo chipu moja inakaa kiwandani miezi, na mashine za kuichora kwa mwanga wa EUV (urujuanimno wa mawimbi mafupi mno) zinaundwa na kampuni moja tu, ASML ya Uholanzi. Akili mnemba yako itazipataje ikiwa chumbani? Kwa kuwaza sana?

Na wewe unayeandaa jibu la "mkuu, ni hadithi tu", subiri kwanza. Dragoni namkubali, kwa sababu mwandishi wa dragoni hajaniambia ni sayansi. Huyu kanijazia kurasa za misamiati ya maabara, halafu nikifika penye swali anakimbia.

Mwenye hadithi ambayo mashine inagombania umeme, inalaghai watu wa kiwandani, inasubiri chipu miezi mitatu ikiomba isigundulike, aiweke hapa. Hiyo nitaisoma usiku kucha.