Nyota wa hoki ya barafu akigeuka kocha: Patrick Roy alifeli au anaonewa?

Mchongoma
Wakuu, hili tulijadili bila jazba. Patrick Roy kama kipa hadaiwi na mtu: Makombe ya Stanley, ubingwa wa ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini, manne (1986, 1993, 1996, 2001), Conn Smythe (tuzo ya mchezaji bora wa mchujo) tatu, ushindi 551 msimu wa kawaida. Akakabidhiwa Colorado Avalanche kama kocha. Msimu wa 2013–14 pointi 112, uliofuata 90, uliofuata 82, Agosti 2016 akabwaga manyanga. Wayne Gretzky, nyota mwingine wa zamani, naye aliinoa Phoenix misimu minne: kashinda 143, kapoteza 161, nyingine 24 kafia kwenye muda wa nyongeza au penalti. Hoja yangu ni kwamba klabu ziache kugawa timu kwa sababu ya jina la mtu. Na huyu Roy, kila akiwa nyuma anatoa kipa aingize mshambuliaji wa sita dakika tatu kabla ya filimbi kama mlevi kwenye meza ya kamari.

KipaWaZamani
Mlevi? Mkuu, hebu piga hesabu kabla ya kutukana. Uko nyuma 3-4. Ukifungwa 3-5 unapata pointi ngapi? Sifuri. Ukifungwa 3-4 je? Sifuri ileile. Bao la tano halikuongezei hasara, bao la kusawazisha linakupa walau pointi moja. Sasa kwa nini usubiri sekunde 60 za mwisho? Makocha walikuwa wanasubiri kwa sababu wanaogopa waandishi, basi.

Mechi ya kwanza ya mchujo dhidi ya Minnesota, 2014: kipa wa Colorado, Varlamov, katoka zikiwa zimebaki dakika tatu hivi, mshambuliaji wao Stastny kasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 13, akamaliza kazi mwenyewe muda wa nyongeza. 5-4. Mlevi huyo.

Ngalawa
Na mfululizo huo nani aliupoteza? Mechi ya saba, nyumbani kwao, Niederreiter wa Minnesota akawafunga muda wa nyongeza. Hilo umelimeza.

Halafu sheria inasema ukitoa kipa ukafungwa goli tupu unanyang'anywa pointi. Kamari ni kamari tu.

KipaWaZamani
Hapo umechemka kaka. Sheria hiyo ni ya muda wa nyongeza wa msimu wa kawaida, ambako kila timu tayari ina pointi moja mfukoni. Ukitoa kipa hapo ukafungwa goli tupu, ndiyo, ile pointi inaondoka. Ndani ya dakika 60 hakuna kitu kama hicho.

Na kutoa kipa si kupunga mkono tu. Kisahani (ndio mpira wa hoki ya barafu) lazima kiwe kwenye fimbo ya mtu wako, tena amevuka mstari mwekundu wa kati. Kipa anatupa jicho benchi, akiitwa anakimbia mstari ulionyooka (kipindi cha tatu benchi liko upande wake, kwa hiyo mbio ni fupi). Mtu wa sita ameshaning'iniza mguu mmoja juu ya ukuta, lakini haruki mpaka kipa abakize futi tano, kama mita moja na nusu. Akiwahi, mwamuzi anasimamisha mchezo timu yenu ikishika kisahani, na shambulio lote mnarudishwa mkaanzie katikati ya uwanja.

Mkishaingia: mmoja anamziba macho kipa wao, wawili pembeni, mmoja kwenye mstari wa bluu (mpaka wa eneo la kushambulia), waliobaki wanawinda mabaki. Kinachoharibu mara nyingi ni yule wa mstari wa bluu kupiga shuti kwenye miguu ya beki. Kisahani kikigonga pedi ya muundi kikatoka nje ya mstari, goli lenu liko wazi na hakuna wa kumkimbiza aliyekipata.

Mchongoma
Sawa, kwa hiyo anayeongoza anapiga tu kutoka kwake, bao. Umejimaliza mwenyewe.

KipaWaZamani
Akipiga kutoka nyuma ya mstari wa kati akakosa goli ni kosa, linaitwa aisingi. Mchezo unarudi kwenye eneo lake na haruhusiwi kubadilisha wachezaji. Wale watano wamekimbia sekunde 50, mapafu yanawaka, wanabaki palepale. Ndiyo maana utaona mabeki wanasita wakati goli liko tupu mbele yao. Angalia hoki, si matokeo kwenye simu.

Mchongoma
Povu la nini sasa?

Bi Msafwari
Jamani mnabishana kuhusu dakika tatu na swali liko kwingine. Gretzky alipewa Phoenix mwaka 2005 bila kuwahi kusimama benchi kama kocha mkuu popote. Roy alikaa na Quebec Remparts kuanzia 2005 hadi 2013, vijana, safari za mabasi, na mwaka wa kwanza tu akachukua Memorial Cup, ubingwa wa vijana. Akarudi hapohapo 2018, akachukua tena 2023 kabla ya New York Islanders kumwita Januari 2024. Ukiwaweka kapu moja unachanganya mtu aliyesomea kazi na mtu aliyepewa ofisi.

Ngalawa
Gretzky walau mara moja aliwapeleka mchujo.

Bi Msafwari
Hata mara moja hakuwapeleka.

Ngalawa
Haya. Lakini kipa ni kipa, anajua kuzuia tu, ataelekeza vipi washambuliaji? Hata huo mtindo wa kipepeo mnaomsifia hakuubuni yeye.

KipaWaZamani
Nani kasema kaubuni? Glenn Hall alishaangusha magoti miaka ya 1950. Roy na mwalimu wake François Allaire waliufanya kuwa somo: magoti pamoja chini, pedi zimefunguka kulia na kushoto kama ukuta, kifua wima, fimbo inaziba katikati ya miguu. Goli ni futi sita kwa nne na mashuti mengi huja chini, kwa hiyo unafunga chini, mpigaji atafute kona ya juu kwa nusu sekunde. Gharama yake ni nyonga, na ukiangusha mapema mpiga shuti mwerevu anasubiri tu. Mtoto wa Québec aliyekua miaka ya 90 akacheza golini alikuwa anaiga hicho.

Ngalawa
Pedi zilikuwa magodoro enzi hizo. Zilipopunguzwa mwaka 2005 kutoka inchi 12 hadi 11 yeye kashastaafu miaka miwili.

KipaWaZamani
Kwa hiyo Kombe la 1986, akiwa na miaka 20, lilishindwa na magodoro? Haya bwana.

Mchongoma
Turudi kwenye pointi 112. Timu ile ilikuwa inapigiwa mashuti mengi kuliko inayopiga. Varlamov alishinda mechi 41 akiokoa asilimia 92.7, ndiye aliyebeba Jack Adams (tuzo ya kocha bora) ya Roy. Mkabano wa mtu na mtu ndani ya eneo lako unahitaji mabeki wenye kasi. Mmoja akiteleza, mtu wake yuko huru mbele ya goli na hakuna wa kumfunika. Kipa akirudi binadamu wa kawaida, unashuka. Stastny akaondoka 2014, O'Reilly akauzwa Buffalo 2015, kwisha habari. Aliyemrithi, Jared Bednar, hakucheza hata mechi moja ya NHL, na 2022 akabeba Kombe.

Bi Msafwari
Taja na msimu wa kwanza wa Bednar basi. Pointi 48. Roy aliondoka Agosti akidai hasikilizwi kwenye maamuzi ya timu, mrithi akapata wiki chache tu za kujipanga. Tofauti ni kwamba Bednar alivumiliwa.

Mchongoma
Alivumiliwa kwa sababu hapigi vioo! Mechi ya kwanza kabisa ya Roy, Anaheim kalala 6-1, na bado anasukuma kioo kati ya mabenchi kimwangukie Boudreau, kocha wa Anaheim. Faini dola 10,000.

Pwani_Toronto
Mnasahau MacKinnon, nyota wa Avalanche, alianzia kwa Roy, na ndiye huyohuyo aliyevaa jezi ya Kenya pamoja na nyota mwenzake Crosby 2018, Ice Lions (timu ya hoki ya Kenya) walipoletwa huku Toronto. Kwa hiyo Roy katufundishia mwenzetu 😂

Ngalawa
Sasa tumefika Nairobi. Uwanja wa barafu wa Panari ule mdogo, kipa akitoka si atafika benchi kwa hatua mbili?

KipaWaZamani
Futi tano ni futi tano mkuu, hata Panari.