Kama Mungu ndiye anayetafuta, kwa nini sisi ndio tunaoambiwa turudi?

Mpakwa Majivu aliuliza:

Tumsifu Yesu Kristo. Jumatano ya Majivu nilisimama katika mstari pamoja na waamini wengine, nikapakwa majivu kwenye paji la uso, nikaambiwa, "Tubuni na kuiamini Injili," kisha nikarudi mahali pangu na swali ambalo halijaniachia tangu siku hiyo. Mwaka huu ni wa tisa tangu nilipoungama mara ya mwisho. Sikuacha kwa hasira, wala sikupoteza imani. Niliahirisha Kwaresima moja, nikaona aibu Kwaresima iliyofuata, na baada ya hapo aibu yenyewe ikawa ndiyo sababu.

Swali langu lina pande mbili. Tunahubiriwa kwamba Mungu ndiye anayemtafuta mwenye dhambi, kama mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamfuata mmoja. Lakini somo la nabii Yoeli, ambalo husomwa siku hiyo ya majivu, linatuagiza sisi: "Nirudieni mimi kwa mioyo yenu yote." Yule kondoo hakuagizwa arudi, alibebwa mabegani. Basi ni nani hasa anayetakiwa kutembea, Mungu au mimi?

Upande wa pili ndio unaoninyima usingizi. Katika Luka sura ya 13 kuna mtini ambao mwenye shamba aliujia kwa miaka mitatu asipate tunda, akaamuru ukatwe. Ule ulikuwa na miaka mitatu. Mimi ninayo tisa. Je, uvumilivu wa Mungu una mwisho? Naomba nijibiwe kwa Maandiko, maana maneno ya faraja peke yake nimekwisha kuyasikia mengi.

Katekista Mstaafu alijibu:

Milele na milele, amina. Ndugu yangu, swali lako la kwanza limejibiwa ndani ya sura ya 15 ya Luka, yenye mfano huo wa kondoo ulioutaja, ila mara nyingi tunaisoma kwa haraka kana kwamba mifano yake mitatu inasema jambo moja mara tatu. Shilingi iliyopotea haijui kwamba imepotea. Kondoo huenda akajua, lakini njia ya kurudi haijui. Mwana mdogo, yule aliyemwacha babaye akaenda nchi ya mbali, anajua yote mawili, kwamba amepotea na kwamba nyumbani ni wapi. Ndiyo maana mwanamke anawasha taa na kufagia, mchungaji anakwenda nyikani, lakini hakuna mtu anayetumwa katika ile nchi ya mbali kumkamata mwana na kumrudisha kwa nguvu. Baba hakupungukiwa upendo. Shilingi unaweza kuiokota na kondoo unaweza kumbeba, lakini mwana akiletwa akiwa amefungwa kamba atakuwa mfungwa katika nyumba ya babaye, hata akipewa chumba kizuri kuliko vyote. Kwa mwenye hiari, upendo unaotafuta hulazimika kungoja, na naamini huko kungoja ni kazi ngumu kuliko kupanda milima kumfuata kondoo.

Hata hivyo, usidhani kwamba hatua za kurudi ni zako peke yako. Nabii Zakaria, mwanzoni kabisa mwa kitabu chake, anamnukuu Bwana akisema tumrudie, naye ataturudia sisi. Katika Kiebrania kitenzi ni kile kile kwa pande zote mbili. Na mwishoni mwa Maombolezo watu wanakwenda mbali zaidi, wanamwomba Mungu awarudishe ili wapate kurudi. Kwa hiyo nguvu ya kuinuka ni zawadi yake, na kuinuka kwenyewe ni kwako. Nilipokuwa nikifundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, hapo ndipo walipokwama zaidi, na sikuwahi kupata maelezo mepesi kuliko hayo.

Nikuongezee jambo moja juu ya aibu. Yule kijana, akiwa bado kwa nguruwe, alitunga hotuba yenye sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, unifanye kama mmoja wa watumishi wako. Linganisha aya ya 19 na ya 21. Alipofika alisema mbili tu. Ya tatu haikutamkwa, kwa sababu baba alikuwa amekwisha kuwaamuru watumwa walete vazi, pete na viatu. Nadhani wewe pia umeitunga hotuba kwa miaka tisa, na inawezekana sehemu yake kubwa ni hiyo ya tatu.

Mkulima wa Mtini alijibu:

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri, na sisi pia tunaishika Kwaresima, kwa hiyo naomba niingie. Nakubaliana na mwalimu aliyetangulia, lakini naona amelikwepa swali la pili, na muulizaji amesema wazi kwamba hataki kubembelezwa.

Ndiyo, mwisho upo. Mtume Paulo, katika Warumi 2:4, anawakemea wanaoudharau wingi wa wema na uvumilivu wa Mungu bila kutambua kwamba wema huo unawavuta watubu. Uvumilivu huo una shabaha, na anayeugeuza kuwa ruhusa ya kuendelea kukaa alipo ameuelewa kinyume. Ila tusiuweke mwisho mahali pasipo pake. Hauji kwa sababu Mungu amechoka. Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 3 aya ya 9, unasema Bwana huvumilia kwa sababu hapendi mtu yeyote apotee. Mwisho unakuja kwa upande wetu: maisha yana siku zake, na moyo nao huwa mgumu. Muulizaji ameueleza ugumu huo vizuri kuliko mhubiri yeyote aliposema kwamba aibu ilikuja kuwa sababu. Mwaka wa kwanza alihitaji ujasiri kidogo tu. Sasa anahitaji mwingi, ingawa mlango ni ule ule.

Kuhusu mtini, soma mpaka mwisho. Baada ya amri ya kuukata, mtunza shamba anaomba uachwe mwaka huo nao, aupalilie na kuutilia samadi. Hakuomba aachiwe mti ili autazame. Aliomba jembe, na anayeinama na jembe mtini pake hajaukatia tamaa. Mwenye kulima anajua kwamba palizi hutikisa mizizi na kwamba samadi haina harufu nzuri. Kufunga, kusali na kutoa sadaka, mambo matatu ambayo Yesu anayataja katika Mathayo sura ya 6, ndiyo palizi yenyewe, na kama mfungo huu umekufanya usilale kwa sababu ya swali, mimi ningesema jembe limekwisha kugusa mzizi. Mfano unaishia hapo bila kutuambia kama mti ulizaa. Sioni kwamba Luka alisahau.

Ndugu Mkubwa alijibu:

Niliufungua mjadala huu nikidhani haunihusu, kwa kuwa mimi sikosi ibada na naungama kila mwezi. Kisha nikamkumbuka kaka wa yule mwana mdogo, aliyekataa kuingia kwenye karamu ya kumpokea ndugu yake. Baba alitoka nje siku hiyo mara mbili: mara ya kwanza akapiga mbio kumlaki mdogo, mara ya pili akamsihi mkubwa. Neno hilo, kusihi, linanitesa. Katika somo la pili la Jumatano ya Majivu Paulo naye anawaomba Wakorintho wapatanishwe na Mungu, kana kwamba Mungu ndiye mwenye shida na sisi ndio wenye kufikiria kama tutakubali. Niseme tu kwamba wapo watu waliopotea bila kutoka uani.

Mpakwa Majivu aliandika tena:

Nawashukuru nyote, hasa ndugu wa mtini, ingawa maneno yake yalichoma. Nina swali dogo la vitendo kwa mwalimu. Kwa miaka tisa siwezi kukumbuka kila kitu. Je, ungamo litakuwa halali?

Katekista Mstaafu alijibu:

Litakuwa halali. Chunguza dhamiri kwa uaminifu, kisha ungama dhambi kubwa unazozikumbuka, kwa aina yake na kwa kadiri unavyoweza kukisia wingi wake. Zile ulizozisahau pasipo kuficha zinasamehewa pamoja na nyingine, na ukija kukumbuka iliyo kubwa utaitaja katika ungamo litakalofuata. Anza kwa kumwambia padre kwamba ni miaka tisa na kwamba unaomba akuongoze, yeye atauliza. Siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote ile. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, ulitaka kila mwamini aungame walau mara moja kwa mwaka, kwa hiyo kwa hesabu una deni la mara tisa, lakini hakuna padre atakayekuungamisha mara tisa kwa siku moja.

Usijilaumu pia kwamba Kwaresima imekwisha kuanza. Ukitoa Jumapili zimewekwa siku 40, kwa kuwa kurudi ni safari. Huko Roma ya kale, waliotengwa kwa dhambi nzito walitubu Kwaresima nzima na kupokelewa tena Alhamisi Kuu, mwishoni kabisa.

Mpakwa Majivu aliandika tena:

Nimeulizia, padre anaungamisha kesho jioni. Usiku huu nimekaa nikaandika nitakayosema, ukurasa mzima. Nilipousoma tena nikakuta mistari minne ya mwisho ilikuwa ya kujieleza jinsi ambavyo sitasumbua, kwamba nitakaa viti vya nyuma tu na sitaomba nirudishwe katika kwaya. Nimeifuta.