Nimepewa PIPI! Yule tajiri wa supamaketi na petroli yake ya bei poa

Mzee_wa_Premio (mwenye uzi)

Wadau, naandika nikiwa kwenye benchi la fundi hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, gari langu limepasuliwa tumbo, na mfukoni mwa shati nina karatasi ya pipi. Karatasi tu. Nitafika hapo.

Mnamjua huyo mtu, sina haja ya kumtaja. Yule wa supamaketi yenye taa kama ukumbi wa harusi. Alianza na sukari na sabuni, akaongeza mkate, akaongeza viti vya plastiki, juzi akaona bado haijatosha, akachimba shimo mbele ya mlango akasimika pampu mbili. Siku hizi kwake unanunua posho, nyanya za kopo na petroli, risiti moja. Majirani zake wote wanauza 5,050. Yeye 4,790. Shilingi 260 kwa lita, mimi ni nani nikatae? Jumamosi nikaweka lita ishirini, nikapiga hesabu nimeokoa 5,200, nikamnunulia mama watoto soda na roleksi mbili (zile chapati za kuviringishia mayai), nikatembea mjini kama Gavana wa Benki Kuu.

Jumapili gari likawaka kwa kukohoa. Kufika kwenye kilima likaanza kumisi, linarukaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, halafu likazima kabisa. Watu wa kanisani wakanipita kwa miguu. Bibi mmoja mwenye mkongojo akanipita, akasimama, akaniombea, akaendelea na safari.

Fundi akanyonya mafuta kutoka kwenye tangi, akajaza chupa ya maji ya nusu lita, tukaiweka juu ya boneti. Banange! Dakika mbili hazijaisha, ile chupa ikagawanyika kama wilaya za Uganda. Juu petroli, chini maji, na mstari katikati ambao ungeweza kuuwekea rula. Vidole viwili vya maji. Ungeweza kufuga kambale mle.

Leo asubuhi nikaibeba chupa yangu mpaka kwake. Nikamkuta mwenyewe, kasimama kati ya pampu na magunia ya viazi, boda kama kumi na tano ziko kwenye foleni. Nikasema kwa heshima zote, "Ssebo, haya ndiyo mafuta uliyoniuzia." Akaipokea. Akaiinua juani. Kisha AKAITIKISA. Akaitikisa mpaka ikawa kama uji, akasema, "Mbona mimi naona kitu kimoja?"

Nikamwambia, subiri itulie. Akasema, "Utulie wewe kwanza, mzee." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa pipi, akanifungua kiganja, akaiweka katikati, akanifumba vidole kimoja baada ya kingine kama nesi anayempa mtoto dawa ya minyoo. "Chukua. Hiyo ni presha tu."

PIPI. Mimi nina miaka 51. Nina wajukuu wawili. Nimelipa mahari ya wadogo zangu watatu. Na ni ile ile pipi ambayo keshia wake anakupa akikosa shilingi mia ya chenji, kwa hiyo hata zawadi haikuwa. Nilirudishiwa chenji ya heshima yangu!

Fundi anataka 180,000: kusafisha tangi, filta mpya, plagi nne. Nipige hesabu ya zile 5,200 au mtanipigia nyinyi?

Sasa semeni. Mafuta ya bei poa na ya wale wenye nembo kubwa ni sawa au si sawa? Ila kabla hujajibu hilo, sema kwanza kuhusu pipi.

---

Boda_Stejini_ya_Tatu

Mzee, mimi nilikuwepo, nilikuwa wa nne kwenye foleni. Simulia yote. Ulipopewa ile pipi ulisema "asante".

---

Mzee_wa_Premio

Ilinitoka kwa mazoea! Mtu akikupa kitu mkononi mdomo unasema wenyewe. Ilikuwa asante ya hasira.

---

Boda_Stejini_ya_Tatu

Uliinama kidogo pia.

---

Fundi_Namatala

Nimecheka mpaka spana imeniponyoka. Pole mzee. Acheni niseme la kazi kabla uzi haujaharibika.

Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa chini, na pampu ya gari nayo inanyonya kutoka chini. Ndiyo maana lita chache tu za maji zinakulaza njiani hata kama zilizobaki ni petroli safi. Na mara nyingi maji hayakumwagwa na mtu. Tangi la ardhini likiwa na mfuniko mbovu, mvua za kwetu huku Elgon zinaingia zenyewe. Kituo kinachojali kina fimbo ndefu ya kupimia, wanaipaka dawa nchani, ikigusa maji dawa inabadilika rangi. Ni kazi ya dakika moja kila asubuhi. Jamaa yako huyo fimbo anayo, niliiona, anaangikia ndizi.

Kinachoniletea wateja wengi zaidi ni mafuta ya taa kwenye petroli, hayo yanachanganywa na mkono wa mtu. Ukiwa na shaka, dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe, upepee. Petroli inaruka yote, karatasi inabaki kama ilivyokuwa. Likibaki doa la mafuta kama la karatasi ya chapati, ondoka hapo. Na ukikuta lori linashusha mafuta, usijaze saa ile, takataka za chini zote zimevurugika. Kanywe chai urudi kesho.

---

Trela_Malaba

Mimi ndiye ninayewaletea, kwa hiyo nisikilizeni. Mafuta yanashuka Mombasa, yanapanda kwa bomba mpaka Eldoret na Kisumu, sisi tunayachukua pale, tunapita Malaba au Busia. Tangu Julai 2024 mwagizaji ni mmoja tu, UNOC, kampuni ya serikali, na anayeiletea ni Vitol, wafanyabiashara wa mafuta wa kimataifa. Kampuni kubwa zote na akina jina-halijulikani wanachota chungu kimoja. Tena Vitol huyo huyo tangu 2022 ndiye mwenye Vivo, wanaouza chini ya nembo ya Shell. Sasa mnaposema "mafuta ya fulani ni matamu", mnaonja nini? Rangi ya kibao?

Tofauti ni mbili. Wenye nembo wanaongeza dawa zao za kusafisha injini, hasa kwenye ile petroli yao ya bei ya juu. Ya pili ni shimo yanakomwagwa. Mimi nimewahi kushusha mahali ambapo chura alitoka kwenye mfuniko akaniangalia.

Kuhusu pipi: ungemrudishia chupa anywe.

---

Binti_Arua

Kwa hiyo petroli ni ile ile, shimo ndilo tofauti. Mzee alipata shimo. Uzi ufungwe.

---

Mzee_wa_Premio

Usifungwe! Hakuna aliyezungumzia alivyonifumba vidole. KIMOJA BAADA YA KINGINE. Alipofika kidole cha mwisho alikipapasa kidogo.

---

Kaka_wa_Leicester

Habari za nyumbani. Huku Uingereza suala hili lilishaisha zamani. Tesco, Asda, Sainsbury's, wote ni supamaketi na wote wanauza petroli, na watu wanapanga foleni bila wasiwasi. Sheria inadai petroli yoyote ifikie kiwango kimoja, EN 228, iwe ya supamaketi au ya kampuni kubwa. Tangu Septemba 2021 ya kawaida ni E10, yaani ethanoli mpaka asilimia kumi, na hiyo pia ni kwa wote. Supamaketi huku zinashusha bei ili ukishajaza uingie ndani ununue maziwa. Mimi natumia ya supamaketi mwaka wa tisa, gari halijawahi hata kupiga chafya.

---

Boda_Stejini_ya_Tatu

Kaka, huko kwenu chenji wanatoa pipi gani?

---

Kaka_wa_Leicester

Tunalipa kwa kadi.

---

Boda_Stejini_ya_Tatu

Basi hujui maisha.

---

Jerikeni_Busia

Mnalia maji, mimi nalilia vipimo. Nilipeleka jerikeni ya lita tano, pampu ikasoma lita tano na nusu. Nikauliza kijana, nusu imekaa wapi, kwenye mkono wa jerikeni? Akaniambia "mama, jerikeni imevimba kwa joto." Na mashine haikuanzia sifuri, nina macho. Watu wa UNBS, shirika la viwango, wanakuja na ndoo yao ya chuma ya lita ishirini wanapima pampu, wanabandika stika. Ile stika sikuiona, imebandikiwa tangazo la mganga wa mapenzi.

Ng'ambo Kenya angalau EPRA, mamlaka yao ya nishati, inatangaza bei ya juu kabisa kila tarehe 14, mtu analala akijua. Huku kila mwenye pampu anaamka na bei yake kama ndoto.

---

Fundi_Namatala

Mama, jerikeni nyingi za lita tano zinaingiza zaidi kidogo ukijaza mpaka mdomoni. Lakini nusu nzima umeibiwa, na joto halihusiki.

---

Lori_la_Vitunguu_Kasese

Mnalia bure. Kwenye kila lita ya petroli kuna ushuru, mwaka 2024 waliongeza mia ukafika shilingi 1,550. Maji hulipii ushuru. Mzee amewekewa vidole viwili vya msamaha wa kodi halafu analalamika.

---

Mzee_wa_Premio

Huyu ni mpwa wa tajiri. Nimeshamtambua.

---

Binti_Arua

Mnakumbuka Januari 2022 lakini? Madereva walipogoma kule mpakani kwa sababu ya vipimo vya korona? Petroli ilifika elfu kumi, watu wanaiuza kwenye chupa za soda kando ya barabara, na hakuna aliyeuliza nembo. Shangazi yangu alinunua lita mbili akazificha chini ya kitanda kama dhahabu. Siku ile mzee angepewa petroli yenye maji angepiga magoti.

---

Trela_Malaba

Usinikumbushe. Foleni ile niliioga, niliilala, niliifulia nguo. Nilijua majina ya watoto wa kila muuza chai.

---

Mwalimu_Soroti

Samahani, mimi nimekwama kwenye hilo la chenji. Hizi pipi ni wizi wa mchana. Kwa mwezi nahesabu si chini ya thelathini. Siku moja nikazikusanya zote kwenye mfuko, nikaenda kununua mkate, nikamwagia pipi mezani kama pesa. Keshia akaita mlinzi! Yaani pipi ni pesa zikitoka kwake, zikitoka kwangu ni takataka?

---

Jerikeni_Busia

MWALIMU! Umenena! Na mkate wenyewe siku hizi umeuona? Ukiubonyeza unabaki kiganjani kama sponji.

---

Mwalimu_Soroti

Kilo moja wanasema. Nimeupima kwenye mizani ya muuza maharage: gramu 870. Nikaupima mara ya pili nikiwa nimevua miwani, ukabaki ule ule.

---

Lori_la_Vitunguu_Kasese

Na ile slesi ya kwanza na ya mwisho ni nene kama mlango ili kukudanganya uzito.

---

Boda_Stejini_ya_Tatu

Mzee wa Premio, swali moja tu kabla sijachukua abiria. Umesema una KARATASI ya pipi. Pipi yenyewe iko wapi?

---

Mzee_wa_Premio

Hilo halihusiani na ubora wa mafuta.

---

Boda_Stejini_ya_Tatu

Mzee.

---

Mzee_wa_Premio

Nilitembea kilomita tatu bila gari! Jua linawaka! Ilikuwa ya tangawizi, na haikuwa hata tamu.

---

Binti_Arua

Yesu wangu 😂😂 ushahidi kaula

---

Fundi_Namatala

Mzee, gari liko tayari, ila imekuwa 195,000, filta imepanda. Elfu tano ya chenji sina hapa, nina pipi.

---

Mzee_wa_Premio

Fundi na wewe?!

---

Jerikeni_Busia

Mwalimu, mkate ule uliupima na karatasi yake au bila?

---

Mwalimu_Soroti

Na karatasi, mama. Ukiitoa karatasi ndio utalia. Na safari hii nawapelekea mizani hapo hapo mlangoni, nani anakuja nami Jumamosi?

---

Lori_la_Vitunguu_Kasese

Mimi nitakuwa Soroti Jumamosi na mzigo. Nina mizani ya gunia, hiyo haibishani na mtu.

---

Mzee_wa_Premio

Wadau, turudi kidogo kwenye jambo lililotuleta hapa. Yule mtu ALIITIKISA chupa mbele yangu, halafu akanifumba vidole

---

Kaka_wa_Leicester

Mzee, heshima yako, lakini huu uzi ni wa mkate. Fungua wako.