Mdogo wangu kajibu "sina pingamizi", ndiyo basi tena?

Dada wa Mwanga: Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma. Mdogo wangu anashtakiwa kuiba mashine ya boti mwaloni Kibirizi. Alikamatwa Jumamosi saa moja asubuhi akitoka ziwani, hata dagaa hawajaanikwa. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi baada ya kuonywa, yameandikwa Jumapili saa kumi jioni. Anasema aliahidiwa akisaini anarudi kwa mama. Juzi mahakamani askari akaomba karatasi hiyo ipokelewe kama ushahidi, hakimu akauliza, "Una pingamizi?" Bwana mdogo: "Sina, mheshimiwa." Alidhani anaulizwa kama sahihi ni yake! Nilikuwa benchi la nyuma, nikashika kichwa. Wakili hatuna.

Mpiga kasia: Kashajifunga huyo. Andaeni hela ya kumtembelea gerezani.

Karani mstaafu, Tabora: Usimtishe mwenzio. Miaka 19 mahakamani nimeandika "sina pingamizi" za watu wasiojua wanachojibu. Ni kweli, pale ndipo mahali pa kusema. Angepinga kwamba hakutoa kwa hiari, kesi ingesimama, hakimu asikilize kwanza karatasi ilipatikanaje, na mzigo wa kuthibitisha hiari ni wa mashtaka, si wake. Tena watu hudhani mpaka upigwe. Sheria ya Ushahidi inataja vitisho na ahadi pia. "Utarudi kwa mama" ni ahadi.

Halafu masaa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi masaa manne ya kumhoji tangu akamatwe, labda waongezewe. Muda wa kumsafirisha hauhesabiwi, lakini Kibirizi na mjini ni pua na mdomo. Karatasi yenyewe ina saa ya kuanza na ya kumaliza, soma pale juu. Kukiuka masaa hakuifuti yenyewe, hakimu anapima, ila Mahakama ya Rufani imeshatupa nyingi kwa hilo. Je, baada ya kupokelewa ilisomwa kwa sauti?

Dada wa Mwanga: Shikamoo mzee. Hapana. Ilipigwa muhuri P1, yaani kielelezo cha kwanza cha mashtaka, kesi ikaahirishwa.

Karani mstaafu, Tabora: Marahaba mwanangu. Katika kesi ya Robinson Mwanjisi Mahakama ya Rufani ilisema: hati ipokelewe kwanza, ndipo isomwe. Isiposomwa, mshtakiwa hajui anajibu nini, na rufani huiondoa. Ila msikae mkishangilia, wanaweza kuisoma tarehe ijayo.

Mvuvi Katonga: Na mwenye mashine alitaja namba yake kabla ya kuonyeshwa? Mashine za nguvu farasi 40 zinafanana, kila mtu atasema yangu.

Dada wa Mwanga: Alisema anaijua kwa mkwaruzo tu.

Karani mstaafu, Tabora: Hapo kaza. Tafuta msaidizi wa kisheria kabla ya tarehe, muombe yule askari aitwe tena ahojiwe masaa na ile ahadi. Na mdogo wako akiulizwa tena asiharakishe kujibu, aseme, "Mheshimiwa, naomba nieleweshwe." Hakimu hamkaripii mtu kwa hilo.

Dada wa Mwanga: Kesi ni tarehe 14. Nitarudi hapa jioni.